Karatasi Tupu Ndani ya Kopo

Shaibu, naanza na wewe kwa sababu ndiye uliyeniudhi. Wenzako wasicheke, zamu yao inakuja.

Jumamosi iliyopita, kwenye lile darasa tunaloazimwa hapa Masasi, ulinionyesha simu yako kwa furaha kama mtu aliyenunua pikipiki mpya. Ukasema, "Mwalimu, nimekusanya mbegu mia tatu na kumi." Mbegu, kwa msomaji asiyetujua, ndivyo tunavyouita ule mstari mmoja wa kuanzishia hadithi fupi ya nusu ukurasa. Unapewa mstari, unaandika, unamaliza, unakwenda kwenye shughuli zako. Nikakuuliza umepanda ngapi. Ukatazama dari. Nikakuuliza tena. Ukasema unasubiri upate ile itakayokugusa.

Ikuguse! Wewe ni mtoto wa wakulima. Umewahi kumwona baba yako amekaa kizingitini na kikapu cha mbegu, mvua inanyesha, anasubiri mbegu moja imguse? Nilinyamaza siku ile kwa sababu presha yangu haitaki kelele. Lakini daktari hajanikataza kuandika, kwa hiyo nakuandikia, na mtasoma wote.

Nimefundisha shule za msingi kule juu Newala miaka thelathini na mitatu. Kiswahili, na hesabu pale mwalimu wa hesabu alipokuwa hayupo, na mara nyingi alikuwa hayupo. Katika miaka hiyo yote kazi ninayojivunia ni moja: dakika saba za asubuhi, kabla ya paredi, watoto wanaandika hadithi. Na katika kazi hiyohiyo ndimo lilimo kosa ambalo hadi leo nikilikumbuka natamani kujizaba kibao. Nitalieleza. Lakini nitaanza na Mwalimu Damasi, maana bila yeye nisingekuwa na kopo wala mbegu.

Mwalimu Damasi alikuwa mzee wa Chilangala, mrefu, mkimya, fundi wa baiskeli baada ya saa za kazi. Nilipopangiwa shule yake nilikuwa msichana mwenye cheti kipya na mdomo mrefu. Wiki ya kwanza akanikuta nawagombeza watoto kwa sababu insha zao zilikuwa mbovu. Akaniita pembeni. "Mwalimu, wewe uliandika nini leo?" Nikasema sijaandika kitu, mimi nafundisha. Akasema, "Mimi siwezi kumfundisha mtu kuziba pancha kama mikono yangu haina gundi."

Kesho yake aliweka saa yake ya mkononi juu ya meza yangu, akanipa mstari: "Kuku amerudi, mwenye kuku hajarudi." Akasema dakika saba. Niliandika kwa hasira, nikampa. Alisoma, akachukua kalamu nyekundu, akakata sentensi ya kwanza yote. Nikauliza kosa lake nini. "Hii ni kikohozi," akasema. "Mtu akitaka kusema kitu kizito anakohoa kwanza. Hadithi yako inaanza hapa, sentensi ya pili." Nilichukia. Nilisoma tena. Mzee alikuwa sahihi, na nikachukia zaidi.

Tangu siku hiyo nimekata vikohozi vya watu wengi. Vyako pia, Shaibu, siku ukiandika.

Sasa kuhusu karatasi. Mnapenda kusema hadithi fupi ni mtindo mpya. Kwetu zilikuwa fupi kwa sababu karatasi haikuwepo. Daftari moja lilibeba masomo mawili, na mtoto aliyelijaza kabla ya wakati alichapwa nyumbani. Mwaka mmoja walijenga nyumba ya mwalimu, mifuko mitupu ya saruji ikabaki. Mfuko wa saruji una tabaka za karatasi, na ile ya katikati haishiki vumbi sana. Tuliikung'uta, tukaikata vipande vya upana wa kiganja na urefu wa nusu rula. Kipande kikiisha, hadithi imeisha. Hakuna kuongeza. Mtoto akifika ukingoni bila kumaliza alijifunza mwenyewe kwamba kesho aanze karibu na mwisho.

Mbegu zilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga lililoning'inia karibu na mlango. Kila mtoto aliruhusiwa kutia ya kwake. Asubuhi mmoja anachomoa, anasoma kwa sauti, naweka saa mezani, kimya. "Ndoo mbili zimefika, mtu aliyezibeba hajafika." "Baiskeli ya baba iko kwa jirani." "Leo bibi amekataa ming'oko." Hiyo ya ming'oko, vile viazi pori vyetu, aliitia mtoto wa darasa la nne, na walioiandika walinifanya nicheke hadi nikatoka nje, kwa sababu bibi wa Kimakonde akikataa ming'oko, kuna jambo kubwa nyumba ile.

Mimi nilipotunga mbegu zangu za mwanzo nilikuwa mjinga kuliko wanafunzi. Nilitia "Amani". Watoto arobaini na wawili waliandika, wote arobaini na wawili, "Amani ni kitu kizuri sana." Nilirudi nyumbani kichwa kinaniuma. Mwalimu Damasi akaniuliza, "Amani ilikuwa imevaa nini? Ilikuwa imekaa wapi?" Ndipo nikaelewa. Mbegu lazima iwe kitu unachoweza kukigonga mguu gizani. Ndoo. Mlango. Kiatu kimoja.

Nyinyi leo mnaletewa mbegu na simu, na wengine sasa mnaiachia simu ipande na kuvuna. Kuna mmoja wenu, simtaji, anajijua, aliniletea hadithi ya binti wa Newala ambaye "aliamka, akaenda kuchota maji kwenye mto uliopita nyuma ya nyumba yao." Mto! Nyuma ya nyumba! Newala! Mama zetu waliteremka bondeni na ndoo kabla jua halijatoka, wakapanda mlima na shingo zimekakamaa, na wewe mjukuu wao unamwekea binti mto nyuma ya jiko. Nilimuuliza huo mto unaitwaje. Akasema hajui, hakuuandika yeye. Angalau alisema kweli.

Sikatai simu. Simu ina saa, na saa ndiyo ninayoitaka. Ninachokataa ni uvivu uliovaa suti. Mtu anayeandika kila siku mistari kumi mibovu, baada ya mwaka ana mkono. Mtu anayekusanya mbegu, baada ya mwaka ana simu iliyojaa. Fungamanisheni kuandika na kazi mnayoifanya tayari. Mimi hadi leo naandika chai ikiwa jikoni. Ikichemka, naacha kalamu hata kama neno ni nusu. Siku chai isipopikwa najua kuna ugonjwa ndani ya nyumba. Usifute. Usisome cha jana kabla hujaandika cha leo. Mtafute mtu mmoja anayetaka kitu kimoja. Ukimaliza, kata kikohozi. Basi, hakuna siri nyingine, msinizungukezunguke.

Haya. Somoe.

Somoe alikuwa darasa la saba, mtoto mwembamba, anakaa dawati la tatu upande wa dirisha. Alilelewa na bibi yake, na bibi yake alikuwa kungwi, yaani yule mama anayewafunda wasichana unyagoni. Kungwi anayeheshimika, si wa kubahatisha. Somoe hakuwa wa kwanza darasani kwa hesabu wala kwa jiografia. Lakini kwa zile dakika saba sijawahi kuona mwingine. Jumamosi na Jumapili hatukuwa na shule, na Jumatatu alikuja na vipande viwili alivyoviandika nyumbani kwenye ganda la daftari. Hakuna aliyemwambia. Mtoto yule alikuwa ameshika mazoea kama mtu anavyoshika njia ya kisimani. Mwalimu Damasi, wakati huo ameshastaafu, alisoma vipande vyake akasema, "Huyu usimguse. Huyu mwache aende tu."

Mimi nikamgusa.

Ilikuwa Januari, shule zimefunguliwa. Likizo ya Desemba kulikuwa na unyago, na Somoe alikuwa mmoja wa wali, yaani wasichana waliochezwa na kufundwa, waliotoka. Walirudi darasani na khanga mpya begani, vichwa vimenyolewa, wanatembea taratibu kama wake za watu. Asubuhi ile mtoto akachomoa mbegu koponi: "Siku niliyorudi." Niliitia mwenyewe, zamani, nikifikiria safari. Mwanamke wa huku, mwalimu, aliyechezwa mwenyewe, nilipaswa kuirudisha koponi na kuchomoa nyingine. Sikufikiri. Niliweka saa mezani.

Somoe aliandika mistari kumi na mmoja. Binti anarudi nyumbani, ndugu zake wadogo wanamkimbilia, na hajui tena namna ya kucheza nao. Ndani yake aliweka mstari mmoja wa wimbo. Mstari mmoja tu. Mimi wimbo ule niliujua, kila mwanamke aliyechezwa anaujua, na kila mmoja anajua hautamkwi mbele ya wavulana wala mbele ya wasichana ambao bado. Niliusoma, nywele zikanisimama kwa uzuri wa hadithi, na kichwa changu hakikuona kitu kingine. Nikaibana kwenye kamba ya mbele ya darasa, pale tulipoanika hadithi bora za wiki. Ikakaa siku mbili. Wavulana waliisoma. Watoto wadogo waliisoma kwa kutamka.

Siku ya tatu bibi yake alisimama mlangoni.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

Hakuitikia. Mnajua kwetu mtu mzima akikunyima marahaba mbele ya watu ni nini.

"Wavulana watoke," akasema. Wakatoka. "Na wale ambao bado." Wakatoka. Akaketi dawati la mbele, magoti yamegota juu. "Haya, nisomee. Mie sijui kusoma. Nimeambiwa, na sitaki kugomba kwa maneno ya kuambiwa."

Nikabandua kipande, nikasoma. Nilipofika kwenye wimbo nikasita. Akaumalizia yeye mwenyewe, kwa sauti ya chini, akiangalia sakafu. Somoe alikuwa dawati la tatu, hatingishiki.

"Mwalimu, we ulichezwa wapi?"

"Hapahapa, bibi."

"Kungwi wako nani?"

Nikamtaja.

"Amekufa yule," akasema. "Ana bahati."

Nilitamani ardhi ipasuke. Akanyoosha mkono, nikampa kipande, akakifunga kwenye pindo la khanga yake. "Mtoto sina ugomvi naye. Mtoto anapika kwenye chungu alichopewa. Chungu umempa wewe." Alipofika mlangoni akageuka. "Marahaba," akasema, akaenda zake.

Mwalimu mkuu akaniita, akaniambia niache hadithi, niandikishe barua na insha, ndizo zinazokuja kwenye mtihani. Nilibishana naye wiki nzima. Kamba niliikubali ing'olewe, kopo nikalipigania, kopo likarudi. Watoto wakaanza tena kuandika. Sikilizeni sasa, maana hapa ndipo kosa langu lilipo. Ile mbegu ilikuwa uzembe tu, na uzembe hutokea. Hili la pili nililifanya macho yakiwa wazi.

Asubuhi ya kwanza Somoe alikunja kipande chake mara nne, akakitia kwenye kopo la pili, la kukusanyia hadithi, kama wenzake. Nilipokikunjua mchana, kilikuwa kitupu. Kesho yake kitupu. Keshokutwa kitupu. Nikajiambia bibi amemkataza. Nikajiambia nisimwongezee mtoto aibu. Niligawa vipande asubuhi, kila mtoto nampa na kumwambia "andika". Nikifika kwake naweka kipande juu ya dawati, napita, macho yangu dirishani. Nilikuwa naogopa. Niliogopa bibi kizee asije akarudi kusimama mlangoni. Uoga huo nikauita heshima, nikaona nimefanya la maana. Kuanzia Januari hadi Septemba walipofanya mtihani wa darasa la saba, Somoe aliweka karatasi tupu kila siku ya shule, na mimi kila siku nilizichoma jikoni kwangu. Hakuchaguliwa kuendelea. Akaolewa, nikasikia yuko huko bondeni, sikuuliza wapi.

Hivi mnajua hasira ya kujikasirikia ilivyo? Haina pa kwenda. Unamgombeza paka.

Mwaka huu, kabla ya mvua, nilipanda bodaboda kwenda Chiungutwa kwenye matanga ya mwalimu mwenzangu. Wakati wa kurudi dereva akasimama kwenye kibanda anywe chai. Mama mmoja alikuwa anakunja chapati, unga umempanda hadi kwenye viwiko. Akaniangalia.

"Shikamoo, mwalimu."

Nilimjua kwa sauti. Kichwa kilikuwa na mvi mbili tatu. Dereva alimwita Mama Twalibu.

"Marahaba, mwanangu," nikasema, na nilianza kuomba msamaha pale pale nikiwa nimesimama, mbele ya watu wanaokunywa chai. Nikasema nilimharibia, nikasema bibi yake alikuwa na haki ya kumkataza kuandika.

Akaacha kukunja. "Bibi hakunikataza."

"Hakukukataza?"

"Alisema ule wimbo si wangu peke yangu, nisiuandike tena. Mengine yote niandike. Alisema nina mdomo mzuri." Akafuta mikono kwenye khanga. "Kile kipande alikaa nacho hadi anakufa. Alikuwa ananituma nimsomee, wimbo tunauruka."

"Sasa zile karatasi tupu, Somoe?"

Alinitazama, si kwa chuki. "Wewe ulikuwa hunitazami, mwalimu. Wenzangu unawapa karatasi unawaambia andika. Mie unanipa, unapita. Nikasema leo nitaweka tupu, kesho ataniuliza. Hukuniuliza. Nikasema kesho ataniuliza. Mpaka tukafanya mtihani."

Dereva wa bodaboda aliacha kunywa chai yake.

Miezi tisa, jamani. Mtoto anagonga mlango kila asubuhi miezi tisa, na mwenye nyumba amejificha uvunguni. Halafu eti mimi ndiye mwalimu wa mazoea ya kuandika. Ningeweza kuondoka pale na huzuni yangu, nikaja hapa kuwasimulia kwa sauti nyororo. Sikuondoka. Kwenye mkoba wangu natembea na vipande vya karatasi ya saruji hadi leo, mnanicheka navyo kila Jumamosi. Nikachomoa kimoja, nikakiweka juu ya meza ya unga, na kalamu.

"Andika," nikasema.

Akacheka. "Mwalimu, mie sasa mtu mzima. Nina chapati." Akakikunja mara nne, kilekile kikunjo chake, akanirudishia.

Nikakikunjua, nikakirudisha mezani. "Andika."

Akakirudisha. Nikakirudisha. Mteja mmoja akasema, "Mama Twalibu, chapati inaungua," na kweli ilikuwa inaungua. Akaigeuza. Alipoigeuza hakucheka tena. Bila kuniangalia akauliza, "Mbegu gani?"

Nilikuwa nazo elfu kichwani. Kinywa changu kikatoa ileile. "Siku niliyorudi."

Akavuta ndoo, akaiinamisha, akaikalia. "Subirini dakika saba," akawaambia wateja. Nikaweka saa mezani. Mmoja akanung'unika, dereva wangu akamwambia anyamaze. Aliandika amekunja uso, unga unaacha alama za vidole kwenye karatasi, mara mbili akasimama kuokoa chapati, akarudi. Saba zilipotimia akanikabidhi, safari hii bila kukunja.

Nilishatoa kalamu nyekundu, mnanijua, mkono wangu unakwenda wenyewe kwenye sentensi ya kwanza. Sentensi ya kwanza ilisema: "Siku niliyorudi, mwalimu wangu aliogopa kuniuliza."

Nikairudisha kalamu mkobani.

Sasa Chiungutwa nakwenda kila Alhamisi, na nauli ya bodaboda siwaombi. Shaibu, wewe na mbegu zako mia tatu na kumi, Jumamosi nitakugawia kipande kama wenzako. Nitakuangalia machoni na nitakwambia andika, mbele ya watu. Ukinipa tupu, nitakukunjulia, nitakurudishia mkononi, na nitasimama hapohapo.